Wasomaji Wanauliza: Makumbusho Madogo ya London

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi mstaafu. Binti yangu anafanya kazi London na karibuni nitakwenda kumtembelea. Safari iliyopita alinipeleka kwenye makumbusho makubwa, tukazunguka kutwa nzima hadi miguu ikavimba, na leo sikumbuki hata nusu ya niliyoyaona. Je, kuna mahali padogo panapomfaa mtu wa kazi yangu?
Muuguzi mstaafu, Milimani, Kisumu

JIBU: Mama, pole kwa miguu. London ina nyumba nyingi ndogo za makumbusho, na kila nyumba imeshika jambo moja tu. Ushauri wangu ni kwamba uchague kwa kufuata kazi uliyoifanya, kwa kuwa jicho lililozoea jambo huona mengi hata kabla ya kuelezwa.

Anzia kwenye dari ya kanisa la zamani la St Thomas, karibu na stesheni ya London Bridge, yalipo makumbusho yaitwayo Old Operating Theatre. Kanisa hilo lilikuwa la hospitali ya St Thomas, na darini mwake ndimo mitishamba ya dawa ilimoanikwa. Mwaka 1822 sehemu ya dari hiyo iligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji cha wanawake, kwa kuwa wodi yao ilikuwa imepakana nayo. Hospitali ilipoanza kuhama mwaka 1862 ili kupisha reli, chumba kikazibwa na kusahauliwa hadi miaka ya 1950. Ndicho chumba cha upasuaji cha kale zaidi kilichosalia Ulaya.

Ukifika, itazame meza kwanza. Ni ya mbao tupu, na chini yake kuna sanduku la vumbi la mbao la kukingia damu, ambalo daktari alilisukuma kwa mguu kulifikisha pale damu ilipodondokea. Pande zote pamejengwa vipandio vya mbao ambako wanafunzi walisimama wakibanana ili waone. Dawa ya usingizi ilianza kutumika Uingereza mwishoni mwa mwaka 1846. Kabla ya hapo mgonjwa alikatwa mguu akiwa macho, na sifa kuu ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono. Habari za kuua viini vya maradhi zilitangazwa na Joseph Lister mwaka 1867, baada ya chumba hicho kufungwa, hivyo waliopasuliwa pale hawakupata kinga hiyo kamwe. Nao walikuwa wanawake maskini, maana wenye mali walipasuliwa majumbani mwao. Wewe uliyeshika mikono ya wagonjwa kwa miaka mingi utawafikiria wanawake hao kuliko mgeni mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo ningependa uende. Jihadhari tu na ngazi: ni nyembamba, ya kuzunguka, na ina vidato 52.

Florence Nightingale alianzisha shule yake ya uuguzi katika hospitali hiyohiyo mwaka 1860. Makumbusho yake yako kwenye hospitali ya sasa ya St Thomas, ng'ambo ya mto kutoka Bunge. Humo utaona kwamba taa aliyoitumia kule Scutari, Uturuki, alikowauguza askari wa vita vya Crimea, ilikuwa fanusi ya Kituruki inayokunjika, tofauti kabisa na taa ya mafuta anayochorwa nayo katika picha nyingi. Ukitoka, pitia bustani ya hospitali uone sanamu ya Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaika aliyewauguza askari wa vita hivyohivyo. Ilisimamishwa mwaka 2016, na kwa maoni yangu ilichelewa mno.

SWALI: Mimi hufundisha historia na huwapeleka wanafunzi wangu Hyrax Hill. Mwenzangu ananishawishi tufuatane London kutazama makumbusho. Kuna haja gani ya kulipa nauli ya ndege ili tukaangalie vitu vilivyochukuliwa Afrika?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, hoja yako ni ya haki na sitaipunguza uzito. Hata hivyo, anayedai mali yake sharti ajue imewekwa wapi, na makumbusho madogo hukuwezesha kuijua vizuri kwa sababu unaikaribia. Nenda makumbusho ya Petrie, katika chuo kikuu cha UCL, penye vitu zaidi ya 80,000 vya Misri na Sudan. Kuna gauni la kitani lililofukuliwa Tarkhan, Misri, mwaka 1913, likakaa miaka mingi ndani ya furushi la matambara machafu hadi lilipotambuliwa mwaka 1977 wakati wa kusafishwa. Vipimo vimeonyesha kwamba lilifumwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mikono ina mikunjo midogo, na kwenye viwiko na makwapa bado kuna alama za mtu aliyelivaa. Orodha ya vitu vya Petrie iko pia kwenye intaneti, kwa hiyo hata usiposafiri unaweza kuitumia darasani.

Kuhusu kurudisha, mambo yameanza kusogea, ingawa polepole kuliko inavyostahili. Mwaka 2022 makumbusho ya Horniman, kusini mwa London, yaliikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa mwaka 1897 katika mji wa Benin, ulio Nigeria ya leo. Hapa kwetu, fimbo za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa mwaka 1905, zilirejea Nandi mwaka 2006. Nayo Hunterian, makumbusho ya chuo cha wapasuaji, yalipofunguliwa upya mwaka 2023 hayakukiweka tena hadharani kiunzi cha mifupa cha Charles Byrne, Mwairishi mrefu aliyefariki mwaka 1783 akiwa ameomba azikwe baharini. Ukiwa huko waulize wahudumu, bila kuona haya, kila kitu kilifikaje. Swali hilo likitoka kwa mwalimu wa Kenya lina uzito wake.

SWALI: Ninasomea ujenzi. Nitakuwa London siku moja tu nikiwa safarini, na pesa za kiingilio sina. Nifanyeje?
Kijana, Kakamega

JIBU: Kijana wetu, nenda Lincoln's Inn Fields, nyumba namba 13, kwenye makumbusho ya Sir John Soane. Kuingia ni bure. Soane alikuwa mtoto wa mwashi, akainuka hadi akawa msanifu wa Benki ya Uingereza, na mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria kwamba nyumba yake ihifadhiwe kama atakavyoiacha. Alifariki mwaka 1837. Angalia jinsi alivyouongoza mwanga: ameuingiza kwa juu, akaupitisha kwenye vioo vya rangi ya manjano, na katika chumba cha kifungua kinywa akapachika vioo vidogo vilivyobinuka ili chumba kionekane kikubwa. Chini kabisa kuna jeneza la jiwe la mfalme Seti wa Kwanza wa Misri, alilolinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000 (msomaji wetu wa Nakuru atakuwa na maswali yake kuhusu hilo).

Hunterian iko kwenye uwanja huohuo, nayo haitozi kiingilio. Soane hufungwa Jumatatu na Jumanne, Hunterian hufungwa Jumapili na Jumatatu. Kwa hiyo kama siku yako itaangukia kati ya Jumatano na Jumamosi utazipata zote mbili, ila thibitisha kwanza kwenye tovuti zao. Ukiingia kwa Soane, muulize mhudumu ni saa ngapi kuta za chumba cha picha zitafunguliwa. Ni chumba kidogo sana chenye picha zaidi ya 100, kwa kuwa kuta zake zimefungwa bawaba kama milango, na nyuma ya kila ukuta kuna picha nyingine. Mwanafunzi wa ujenzi asitoke mle kabla hajaziona bawaba hizo zikifanya kazi.