Familia changa, anzeni na jumuiya ya mtaani

Ukihamia fleti hapa Nairobi, Donholm, Roysambu au Pipeline, na mtoto mgongoni, mwaka unaweza kuisha hujui jina la jirani unayepishana naye kwenye ngazi. Ndugu zako wako ushago, marafiki wa chuo wametawanyika Rongai na Ruiru, na jioni zenu zinaishia kwenye msongamano wa magari. Wazazi vijana huniuliza sisi tuliwapata wapi watu wa kutembeleana nao. Tuliwapata kwenye jumuiya. Misa ya Jumapili naipenda sana, lakini ina mamia ya watu: mnapeana amani, mnasalimiana langoni, kila mmoja anakimbilia matatu. Urafiki hutaka watu wachache wanaoonana kila wiki, tena mahali padogo.

Kwa sisi Wakatoliki njia hiyo ilishatengenezwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa Nairobi mwaka 1976, mada yao ilikuwa kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Ndizo hizi zinazokutana sebuleni mwetu kusoma Injili ya Jumapili inayokuja. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani, na mengi ninayosema yanafaa huko pia.

Kwanza, zamu ya kupokea jumuiya ikifika, msiikwepe kwa sababu nyumba ni ndogo. Viti vya plastiki huazimwa, vijana hukaa kwenye zulia. Chai ya maziwa na mandazi au nduma vinatosha. Hapa kwenye chakula nasisitiza kabisa. Mkianza kushindana kwa pilau na soda, yule ambaye mshahara wake umechelewa ataruka zamu yake, na baada ya hapo hamtamwona tena. Kwetu tulikubaliana chai na kitafunwa kimoja, na hakuna anayeruhusiwa kuzidisha, hata mwenye uwezo.

Watoto nao wabaki ndani. Najua wanapiga kelele. Watandikieni mkeka karibu na mlango, wapeni kalamu za rangi wachore kile kilichosomwa, na anayejifunza kusoma apewe kiitikio cha zaburi. Wetu alikisoma akifuata maneno kwa kidole, na mzee mmoja mjane aliyeketi kando yake akamngoja kila neno bila kumharakisha. Siku hizi anamwita guka, yaani babu, na guka wake wa damu anakaa mbali, Nyeri.

Oktoba, mwezi wa Rozari, tunasali nyumba hadi nyumba jioni. Watoto hugombania kubeba sanamu ya Mama Maria kutoka ploti moja hadi nyingine, mishumaa ikizimika kwa upepo. Mambo haya hayagharimu chochote na ndiyo wanayoyataja mwaka mzima.

Matembezi pia yana nafasi yake. Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, haiko mbali na katikati ya jiji, na wikendi utakuta vikundi vya makanisa vikisali na kuimba chini ya miti. Bebeni chapati na ndizi, ila mziangalie, tumbili wa pale hawaombi ruhusa. Safari kubwa kwetu ni hija ya Subukia, kwenye madhabahu ya Mama Maria kule Nakuru, ambako watoto hujaza maji ya chemchemi kwenye chupa zao. Nauli ya basi ianze kuchangwa mapema, kidogo kidogo. Familia isiyoweza kulipa izungumze na mweka hazina peke yake, na majina ya wasiolipa yasisomwe mbele za watu kamwe.

Akina baba wengi huwaachia wake zao jumuiya. Wapeni kazi: kutafuta basi, kuchoma nyama, kucheza mpira na watoto. Mwanamume aliyepewa kazi hurudi wiki inayofuata.

Nilipojifungua mara ya pili, akina mama wa jumuiya walipanga zamu wenyewe. Mmoja alileta uji, mwingine njahi, na mwingine akawa anampeleka mkubwa wetu shuleni asubuhi pamoja na mtoto wake. Mama yangu asingeweza kufika wiki ile, na sikubaki peke yangu hata siku moja. Watu wa namna hiyo hupatikana kwa kuonana. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa matangazo, lakini mtu asipoonekana wiki mbili, msimwandikie huko. Mpigieni simu, au mkagonge mlango wake.

Kama hamna jumuiya bado, Jumapili hii baada ya Misa muulizeni katekista, au ofisi ya parokia, ni ipi inayokutana karibu na ploti yenu, siku gani na saa ngapi. Nendeni nyote, hata kama mdogo amelala mgongoni. Mkikuta watoto wanatolewa nje na mazungumzo yote ni michango, mwambieni mwenyekiti waziwazi. Asiposikia, ombeni kuhamia jumuiya jirani.