Ukialikwa hekaluni kando ya Narmada: kwa vijana wa Kigoma mnaokwenda kusoma Gujarat

Vijana wa kwetu wanaopata nafasi ya kusoma India, hasa wanaoangukia Vadodara, jiji la jimbo la Gujarat, huniuliza mambo mawili: chakula na hekalu. La chakula mtalimaliza wenyewe. Wali upo, dengu zipo, dagaa ndio msahau. La hekalu ndilo linalowakosesha watu usingizi, maana mapema tu mwenzako wa darasani atakwambia, "Kesho tunakwenda Chandod, twende wote." Muislamu wa Ujiji anaanza kujiuliza kama imani yake itabaki salama. Mlokole wa Kasulu naye vivyo hivyo.

Mimi nasema nenda, ila nenda kama mgeni. Mgeni halazimiki kufanya kila anachofanya mwenyeji, na hakai kumkagua mwenyeji wake.

Chandod ni mji mdogo kando ya mto Narmada, unafika kwa kupitia Dabhoi. Hapo mto Orsang unaingia Narmada, na Wahindu wanaamini kuna mto wa tatu, Saraswati, unaoungana nao bila kuonekana kwa macho. Kwa ajili hiyo pamekuwa mahali patakatifu. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na mitumbwi inayopeleka watu Karnali, kwenye hekalu la Kuber Bhandari lililo juu ya ukingo. Aliyezoea boti za Kibirizi hahitaji kufundishwa kupatana bei kabla ya kupanda.

Chagua siku. Usiku wa mwezi kufa, wao huita amavasya, Karnali inafurika watu wanaokuja kuomba riziki, na utulivu wote unaosikia ukisifiwa hutauona. Jumatatu ni siku ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, nayo ina watu. Mwezi wao wa Shravan, unaoangukia Julai na Agosti, ndio usiseme. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, kwa sababu mahekalu mengi hufungwa mchana. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Dada zangu, kanga moja begani inatosha. Viatu vinabaki nje, kwa hiyo chukua soksi. Jiwe la Gujarat la mwezi wa tano linaunguza nyayo, na joto letu la Kigoma si kitu mbele yake.

Sasa ndani. Kandokando ya Narmada mahekalu ya Shiva ni mengi, na humo utakuta linga, jiwe lililosimama juu ya kitako chenye mlizamu wa kutolea maji. Watu wanalimwagia maji au maziwa, wanaliwekea majani ya bilva, yale yanayoota matatu kwenye kikonyo kimoja. Mbele yake amelala Nandi, fahali wa jiwe, uso kaelekeza kwa Shiva. Usipite katikati yao. Wenyeji huzunguka wakiwa wameuweka mkono wa kulia upande wa linga, lakini wakifika kwenye mlizamu hawauvuki; wanageuka na kurudi njia waliyojia. Huna haja ya kuzunguka nao. Simama pembeni uangalie, na kama kuna mlango mdogo wa chumba cha ndani kabisa, usiuvuke mpaka uambiwe. Yapo mahekalu yasiyoruhusu asiye Mhindu kuingia kabisa, kama lile la Jagannath huko Puri. Ukikataliwa mlangoni, usinune.

Utaletewa vitu viwili: alama ya rangi ya kupakwa kwenye paji la uso, na prasadi, yaani kitamu kidogo kilichokwisha kutolewa kwa mungu wao. Hapa ndipo kila mtu na dini yake. Kwa Muislamu chakula hicho kina mjadala, na Wakristo wengi nao wanaukumbuka waraka wa Paulo kwa Wakorintho. Muulize shekhe wako au mchungaji wako kabla hujasafiri. Usisubiri umesimamishwa mbele ya sahani. Ukiamua kutopokea, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu. Sisi ambao bibi zetu wa Buha wanasalimia kwa kupiga makofi na kuinama, mwili unalijua jambo hili tayari. Sijaona pujari, yaani kuhani wa hekalu, aliyekasirika kwa hilo. Kinachowaudhi ni mtu anayepokea kwa mkono wa kushoto, au anayepokea kisha akaenda kutupa kwenye ngazi mbwa wakagombania. Ukishapokea, kula au mpe mwenzako.

Kwenye ngazi za Chandod utaona pia familia zilizofiwa. Mtoto wa kiume kanyolewa kichwa, kakaa chini na tonge za wali juu ya jani, mzee anamwongoza kusoma dua za marehemu, kunguru wanasubiri. Kwa macho ya mgeni ni picha nzuri sana. Simu ibaki mfukoni. Nani kwetu angekubali mtu asiyemjua apige picha matanga ya baba yake?

Jambo jingine ambalo huwezi kulijua usipoambiwa: mawe laini ya mto huu, yaliyosuguliwa na maji mpaka yakawa na umbo la yai, kwao ni Shiva mwenyewe. Kwa hiyo mchezo wetu wa pale Bangwe wa kuokota kokoto na kuzirusha zirukeruke juu ya maji, uache nyumbani.

Kuoga? Utawaona wazee wanazama hadi shingoni, nawe joto litakushawishi. Mimi niliyekulia nikisikia habari za mamba wa Malagarasi huuliza kwanza, maana hata Vishwamitri, mto unaopita katikati ya jiji la Vadodara, una mamba wengi. Zaidi ya hapo, juu ya Chandod kuna bwawa kubwa la Sardar Sarovar, na wakati wa masika yao, kuanzia Juni hadi Septemba, maji yakifunguliwa mto unapanda. Mwulize mwenye mtumbwi. Mwite bhai, yaani kaka; kama mwanamke anauza maua pale mwite ben, yaani dada, watakujibu vizuri. Akisema usishuke zaidi ya ngazi ile pale, hapo hapo nawa miguu, panda juu ukatafute chai.