Maswali ya Wasomaji: Mdomo wa Huyu, Sauti ya Yule

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, Kakamega. Kwa miaka mingi familia yangu imekuwa na desturi ya kutazama filamu za Kihindi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Majuzi jirani yetu mwenye duka la vitambaa, ambaye ana asili ya Kihindi, alinieleza kwamba baadhi ya nyota tuliokuwa tukiwalilia machozi hawakukijua Kihindi, na kwamba sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine aliyejifungia studioni. Nilijiona kama mtu aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Je, si haki mwigizaji alazimishwe kuijua lugha ya filamu zinazompatia riziki?

JIBU: Jirani yako hakukudanganya, Mwalimu, ila alikumegea nusu tu ya habari. Mwigizaji Sridevi, aliyezaliwa Tamil Nadu mwaka 1963 na kukulia katika filamu za kusini mwa India, alikuwa amekwisha kuwa malkia wa filamu za Kihindi kabla ya watazamaji kuzoea kuisikia sauti yake mwenyewe. Katika filamu ya Aakhree Raasta ya mwaka 1986, maneno yake yalitamkwa na mwigizaji mwingine, Rekha, na ilipofika Chandni, mwaka 1989, ndipo alipojitamkia mwenyewe. Nusu iliyobaki, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni kwamba huyo Rekha aliyeazima sauti yake naye si mzaliwa wa lugha hiyo. Alizaliwa Madras mwaka 1954, akafika Bombay akiwa msichana ambaye Kihindi kilimpa taabu, akajifunza, na kufikia mwaka 1981 alikuwa akitamka Kiurdu cha mashairi katika Umrao Jaan kwa ufasaha uliochangia kumpatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Miaka mitano baadaye mgeni wa jana akawa mdomo wa mgeni wa leo.

Usidhani kwamba mambo haya yalianza kwa uvivu wa waigizaji. Kwa miongo kadhaa, kamera zilizotumiwa katika studio nyingi za India zilinguruma kama cherehani, na nje ya studio kulikuwa na kelele za mji, kwa hiyo maneno yaliyosemwa mbele ya kamera hayakutegemewa hata kidogo. Kila mwigizaji, awe mwenyeji au mgeni, alirudi chumbani baadaye kuyatamka upya huku akiitazama midomo yake kwenye pazia. Penye mlango huo wa kurudia, ilikuwa rahisi mno kumwingiza mtu mwingine arudie kwa niaba yake. Isitoshe, watazamaji walikuwa wamekwisha kuzoea sauti za kuazima katika nyimbo, ambamo mwigizaji hufungua mdomo na mwimbaji asiyeonekana ndiye anayeimba, na sijawahi kusikia mtu wa Kakamega akilalamikia hilo. Mambo yalianza kubadilika pale filamu kama Lagaan, ya mwaka 2001, ziliporekodi sauti papo hapo mbele ya kamera. Kwa utaratibu huo, asiyejua lugha hana pa kujificha.

Waliotangulia waliyakabili haya kwa namna inayostahili heshima. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931. Nyota mkubwa wa kike wa filamu za kimya wakati huo alikuwa Sulochana, jina lake halisi Ruby Myers, mwanamke wa asili ya Kiyahudi ambaye hakukimudu Kihindustani, lugha ya mazungumzo ambamo Kihindi na Kiurdu hukutana, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza. Aliacha kuigiza kwa takriban mwaka mmoja, akajifunza lugha, kisha akarudi akizungumza.

Sasa nije kwenye neno lako "alazimishwe". Hapo ndipo tunapoachana. Ukimlazimisha mwigizaji awe mzawa wa lugha, utamfungia mlango Rekha, na hapa kwetu utakuwa umemfungia Mzee Ojwang'. Benson Wanjau, aliyetuchekesha kwa jina hilo kwa miaka mingi katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga, na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili alichokisema kilikuwa cha mzee wa Kijaluo kiasi kwamba wapo watu wa Kisumu walioapa kuwa wanamfahamu ukoo. Hakuzaliwa nacho, alikisikiliza, akakisoma, akakivaa. Kwa hiyo ninachodai kwa mwigizaji ni jasho, na cheti cha kuzaliwa nakiacha kando. Aijue lugha ya kazi yake kwa kiwango cha kuelewa kwa nini mwandishi amechagua neno hili na kuliacha lile, kwa sababu asiyelielewa neno hulitamka kwa midomo tu huku macho yakiwa yanahesabu silabi, na kamera haikosi kuyaona macho hayo. Sauti nzuri ya kuazima huweza kuuficha udhaifu wa ulimi, lakini haiwezi kurekebisha pumzi iliyovutwa mahali pasipofaa.

Ama kuhusu nyota wanaoigiza kwa Kihindi na kuhojiwa kwa Kiingereza, jambo ambalo huko India hulalamikiwa sana, mimi halinikeri, mradi kazi ya mbele ya kamera imefanyika. Linalonikera ni miswada ya Kihindi kuandikwa kwa herufi za Kirumi kwa sababu msomaji wake hawezi kusoma maandishi ya lugha yenyewe. Na ukionana na jirani yako, muulize Kihindi chake alikipata wapi. Familia nyingi za Kihindi katika upande wetu wa nchi huzungumza Kigujarati au Kipunjabi nyumbani, na wengi wao wamejifunza Kihindi kama ulivyokisikia wewe: kwenye filamu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Kondele, Kisumu, na naigiza katika kikundi chetu cha mtaani. Nilikwenda kwenye majaribio ya tamthilia ya Kiswahili, nikaambiwa kwamba uso wangu unafaa lakini Kiswahili changu "kinanuka ziwa". Je, nikiue Kijaluo kilichomo kinywani mwangu ili nipate kazi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Aliyekutamkia maneno hayo alikosa adabu, lakini usiitupe hoja yake pamoja na utovu wake. Jambo la kwanza la kujiuliza ni nafasi uliyokuwa ukiiomba. Kama ni ya muuza omena wa Dunga, basi hilo ziwa ndilo walilopaswa kukulipa. Kama ni ya bibi arusi wa Lamu, walikuwa na haki ya kusita, kama ambavyo wangesita mbele ya msichana wa Lamu anayeomba kuwa muuza omena.

Usikiue Kijaluo. Kina hazina ambayo wengine wanaitafuta kwa shida. Unazo sauti za th na dh tangu utotoni, hata jina la lugha yako, Dholuo, limeanza nayo, ilhali waigizaji wengi wa bara wanaojisifu kwa Kiswahili safi husema "zambi" na "zamana" bila aibu. Kinachowasumbua wengi wenu ni sh, ambayo hugeuka kuwa s, na hapo maana huharibika kabisa: mwanamke aliyekosha vyombo na mwanamke aliyekosa vyombo hawako katika tamthilia moja. Hiyo ni kazi ya ulimi, na ulimi hufundishika. Chukua ukurasa mmoja wa mswada, upigie mstari kila sh, usome kwa sauti mbele ya simu inayorekodi, kisha ujisikilize. Itakuchosha, na siku za mwanzo utaichukia sauti yako mwenyewe. Kila mtu huichukia.

Ukitaka mfano wa karibu, mtazame mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni huko huko Kisumu. Alizaliwa Mexico, akazungumza Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, akarudi Mexico kujifunza Kihispania, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Kimarekani. Katika Black Panther, ya mwaka 2018, alitakiwa kuzungumza Kixhosa, lugha iliyoingia katika hadithi hizo kwa sababu ya mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, John Kani, ambaye ndiyo lugha yake, na tena akasema maneno machache ya Kikorea sokoni Busan. Hakuna aliyemwambia akiue Kijaluo kwanza. Lugha ya pili ilikaa kando ya ya kwanza, na ya tano kando ya ya nne.

Jifunze pia lafudhi moja ya pwani kutoka kwa mtu mmoja wa kweli, wala si kutoka kwa wasomaji wa habari, ambao husema Kiswahili ambacho hakuna mama anayembembelezea mtoto wake.

SWALI: Mhariri, mimi ni wa Nakuru. Nililipwa kumtia sauti mhusika mkuu wa tamthilia ambaye Kiswahili chake hakikuridhisha. Watu wanamsifu kwa maneno matamu, na jina langu halikuonekana popote. Sifa ni za nani?

JIBU: Ni zenu wawili, bwana, lakini anayeonekana ndiye anayekula ukimnyamazia. Lata Mangeshkar, mwimbaji aliyewaazima sauti waigizaji wa filamu za Kihindi, alilijua hilo. Katika miaka ya 1950, tuzo za Filmfare, ambazo ni tuzo za filamu za Kihindi, zilimtambua mtunzi wa muziki bila kumtambua mwimbaji, na alipoombwa kuimba katika sherehe ya kumtuza mtunzi alikataa, akasema hataimba mpaka waimbaji nao wawekewe tuzo yao. Iliwekwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipokea alikuwa yeye. Wewe huna jina kama lake la kutikisa meza, lakini unayo kalamu: kabla hujaingia studioni kwa kazi inayofuata, hakikisha mkataba unasema kwamba jina lako litaandikwa mwishoni mwa kila sehemu, kwa herufi za ukubwa uleule na za wengine, na usikubali ahadi ya mdomo kutoka kwa watu ambao kazi yenyewe waliyokupa ni ya kusema kwa mdomo usio wako.