Makuti juu ya bati: acha nafasi ya upepo

Dada, umeuliza kama kuezeka makuti juu ya bati la nyumba yenu hapo Mikindani kutapunguza joto. Kutapunguza sana, ila usiyalaze moja kwa moja kwenye bati. Piga fito, uyainue kama sentimita 20 au 30, na pande ziwe wazi ili upepo wa bahari upite katikati. Makuti yanapokea jua, upepo unaondoa joto, bati linabaki kivulini. Yakigusana na bati yatashika maji ya mvua, na kutu itakuja upesi, maana chumvi ya pwani nayo haina huruma.

Huku Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi wa 10 na mwezi wa 2 jua la adhuhuri linasimama utosini. Paa ndilo linaloumia zaidi, kuliko hata madirisha.

Umesema pia chumba kinafukuta hadi usiku wa manane. Hapo usililaumu bati peke yake. Ni jembamba, jua likizama linapoa haraka. Kinachokaa na joto ni ukuta wa matofali ya saruji, hasa wa magharibi. Utoe baraza upande huo, hata ya makuti tu.

Na kama jiko la kuni liko karibu, achana na makuti kabisa, tafadhali. Cheche moja inatosha. Paka bati rangi nyeupe, na uisafishe ikishika vumbi.