Buibui Hakukukojolea, Mwanangu

Maswali ya wasomaji kuhusu wadudu na wenzao. Anajibu Mzee wa Nondo, Tabora.

SWALI: Shikamoo Mzee. Juzi nimeamka na malengelenge shingoni, yamejipanga mstari na yanawaka moto. Mama mkwe anasema nimekojolewa na buibui, maana nyuma ya kalenda sebuleni tunao wale bapa wa ukutani. Mume wangu keshanunua dawa ya kupuliza. Tupulize?
Mama Watatu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Msipulize. Buibui hana mkojo wa kuunguza mtu. Anachotoa ni kitone kizito cheupe, na bila shaka umeshakifuta mezani mara nyingi, mkono ukabaki salama.

Kwa maelezo yako namshuku mwingine. Jioni baada ya mvua, tazama chini ya taa ya barazani. Utaona kadudu kembamba, urefu hakazidi sana sentimita moja: kifua na tumbo vyekundu, kichwa na ncha ya mkia vyeusi, mgongoni kipande cha buluu kinachong'aa. Wakenya wamembandika jina la Nairobi, lakini hata huku kwetu yupo. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo mwilini, tena wanaoitengeneza ni bakteria wanaoishi ndani yake. Hutoka akipondwa. Umelala, kitu kinatambaa shingoni, unakifuta kwa kiganja: huo ndio mstari wako. Malengelenge huja kesho yake au keshokutwa, mdudu keshasahaulika, na anayeonekana ukutani ni buibui. Kesi inamwangukia yeye.

Siku nyingine mpeperushe kwa pumzi, usimponde, kisha osha alipopita kwa sabuni na maji. Mkono huo usiguse jicho. Sumu ikifika jichoni nenda zahanati.

Sasa huyo mshitakiwa wenu. Mimi ninaye nyuma ya kioo cha kunyolea, na mke wangu amemzoea, au niseme amechoka kugombana nami. Hatandi utando wa kunasia. Ubapa wake ni wa kujipenyeza kwenye nyufa, na mdudu akipita hata nyuma yake, hugeuka na kumrukia ndani ya sehemu ya nane ya sekunde. Watafiti wamempima kwa kamera. Vile visahani vyeupe vilivyogandamana ukutani vina mayai yake, msivibandue. Mkipuliza dawa atakufa yeye, na mende wa chooni watakuja kuwashukuru. Na mama mkwe, kwa kuwa ni mtu wa Ujiji, mkumbushe kwa adabu kisa cha buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume Muhammad alipojificha humo. Wazee niliowajua huko hawakumgusa buibui kwa sababu hiyo tu.

SWALI: Mzee, nimefungua mzinga nikakuta nondo mkubwa, mgongoni ana fuvu la mtu. Nilipomgusa akalia! Wenzangu wanasema ametumwa.
Mrina asali, Sikonge

JIBU: Nakuonea wivu. Huyo ni Acherontia atropos; hilo la atropos alipewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758 kwa kumkumbuka yule mungu wa kike wa Wagiriki anayekata uzi wa uhai. Kwa hiyo hata Wazungu walimwogopa. Fuvu ni madoa tu ya manyoya. Sauti huitoa kwa kuvuta na kusukuma hewa kooni, na hakuna aliyemtuma ila asali yako. Mwili wake una harufu inayofanana na ya nyuki, ndiyo maana hupita mlangoni bila kuulizwa. Kiwavi wake, mnene mwenye pembe mkiani, hula majani ya viazi mviringo na jamaa zake, tumbaku ikiwemo; pembe hiyo haichomi.

Asali anayokunywa haitakupunguzia debe, mwache aende zake. Ila mara nyingine nyuki humshtukia wakamwua. Ukimkuta amekufa humo, mtie kwenye boksi la kiberiti, mpe kondakta wa basi la Tabora. Nauli nalipa mimi.