Le Mans: kama huwezi kukesha masaa yote 24
Mkuu umeuliza uangalie saa ngapi Le Mans, zile mbio za magari za masaa 24 kule Ufaransa, kama huwezi kukesha. Starti usiikose, Jumamosi saa 11 jioni kwa saa zetu, alafu kalale kidogo ila amka kama saa 9 usiku, hapo ndo utamu wenyewe, giza totoro, taa tu zinapita Mulsanne, ile sehemu ndefu iliyonyooka, na gari za GT3 (daraja la chini, zinatokana na gari za barabarani) zinapitwa kulia kushoto na Hypercar, zile za daraja la juu zenye kasi zaidi. Masaa mawili ya mwisho ndo usithubutu kutoka, 2016 Toyota ilikuwa inaongoza ikazimika zimebaki dakika chache tu Porsche wakabeba, mpaka leo inaniuma! Na Ferrari wamechukua 2023, 2024 na 2025, hiyo 2024 waliwazidi Toyota sekunde 14 tu baada ya masaa 24 yote. Mi nasubiri kwa hamu kweli yani.