Ukiiambia Mashine Kabla ya Kumwambia Daktari

Siku hizi si ajabu mgonjwa kuingia kliniki ya magonjwa ya akili akiwa tayari na jina la ugonjwa wake, alilolipata usiku uliotangulia kutoka ChatGPT au programu nyingine ya akili unde. Baadhi ya wenzangu hukereka. Mimi, kama daktari bingwa wa magonjwa hayo, humwomba anisomee yale aliyoyaandika yeye mwenyewe na kuyaweka kando majibu aliyopewa, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna mambo ambayo asingeyatamka mbele yangu siku ya kwanza: deni analolificha, sauti anazozisikia, au nia ya kujiua.

Kwa nini simu ianze kujua kabla ya mke, mama au daktari? Aibu ni sehemu ya jibu, maana nchini Tanzania hadi leo mtu huogopa kuchekwa kwamba "amepelekwa Mirembe", yaani hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Ipo pia sababu isiyozungumzwa sana, nayo ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya kifungu cha namna hiyo kilidumu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Mtu anayehofia polisi atazungumza na kitu ambacho hakina masikio ya jirani, na sioni haki ya kumlaumu.

Hata hivyo, upole wa mashine hiyo ndio unaonitia shaka. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu iliyoitwa ELIZA, ambayo ilimwiga mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Haikuelewa lolote, lakini Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyejua vyema ilivyotengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Programu za sasa zina uwezo mkubwa kupita kiasi ukizilinganisha na hiyo, ila zimejifunza pia kumpendeza mtu: Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo la ChatGPT lililokuwa likiwakubalia na kuwasifu watumiaji mno. Kwa aliye mzima hilo ni kero tu. Kwa kijana anayeanza kuamini kwamba majirani wanayasoma mawazo yake kupitia redio, kukubaliwa saa nane za usiku, bila usingizi, ni kuongezewa ugonjwa. Sisi hufundishwa tusibishane na imani hiyo wala tusiiunge mkono. Tunauliza ilianza lini, analala vipi, anakula nini, anatumia bangi au la, kisha tunawauliza nduguze wameona nini.

Tiba yetu imesonga mbele kwa bahati zaidi kuliko watu wanavyodhani. Manufaa ya litiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, yaliripotiwa na John Cade wa Australia mwaka 1949, na klopromazini, dawa ya kutuliza sauti na imani zisizo za kweli, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, bila yeyote kujua vizuri zinavyofanya kazi ndani ya ubongo. Ndiyo maana ninafurahia kazi kama ile ya Demis Hassabis na John Jumper ya kutabiri kwa akili unde maumbo ya protini, ambazo dawa nyingi hufanyia kazi mwilini, iliyowapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Pamoja na hayo yote, bado hatuna kipimo cha damu cha kuthibitisha skizofrenia, ugonjwa unaoweza kuleta sauti na imani zisizo za kweli, au sonona. Vipimo tunavyoagiza ni vya kuondoa shaka ya kaswende, VVU, malaria au hitilafu ya tezi ya shingoni, magonjwa ambayo yote yanaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa akili. Hakuna mazungumzo na programu ya simu yatakayoyagundua hayo, hata yakiwa fasaha namna gani.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Itumie programu kupanga maelezo yako kabla ya kliniki: dalili zilianza lini, dawa gani unameza, nani katika ukoo aliwahi kuugua. Iulize kuhusu dawa, kisha jibu lake ulithibitishe kwa mfamasia. Anayetumia litiamu, kwa mfano, akimeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, au akiharisha na kupungukiwa maji, kiwango cha dawa kinaweza kupanda hadi kuwa sumu, na onyo hilo programu nyingi hulitoa vizuri. Usipunguze wala kuacha dozi kwa sababu imekuambia umepona. Usiandike humo jina lako kamili, namba ya kitambulisho au picha ya cheti, kwa kuwa ulichokituma huna uwezo wa kukifuatilia.

Na ikiwa ulichoiandikia ni kwamba umechoka kuishi, mwoneshe maandishi hayo mtu mmoja unayemwamini leo hii, mwende pamoja hospitali, na dawa za mifugo, za shamba na vidonge vilivyobaki nyumbani vitunzwe na mtu mwingine. Si lazima uyarudie kwa mdomo. Daktari anaweza kuyasoma kwenye simu yako.